Tramu Itapita Wapi?

Wasee, leo nakuja na aibu kidogo.

Mwezi uliopita niliweka video ya sekunde arobaini. Tramu nyeupe inateleza katikati ya mji mmoja wa Ulaya, haina kelele, watu wameketi wanasoma vitabu, na sauti yangu juu yake inasema, "Hivi ndivyo Nairobi ingekaa kama wakubwa wetu wangekuwa na akili." Mkaipenda vibaya sana. Ilishinda kila kitu nimeweka mwaka huu. Mlitumiana kwa magrupu ya WhatsApp mpaka ikanirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Nyahururu.

Wiki iliyofuata niko ndani ya mathree ya Githurai, tumekwama Pangani. Konda ni mtu wa umri wa babangu. Akanitazama, akanitazama tena. "Kijana, si wewe ndio wa ile video ya tramu?" Nikakubali, nikiwa na kale kakiburi ka mtu anayejulikana. Akaegemea mlango, akaangalia nje. Mbele yetu Probox, kando lori la mchanga, upande ule mwingine gari kubwa jeusi lenye mtu mmoja kiti cha nyuma anasoma gazeti. Dakika ishirini hatujasonga. Akaniuliza pole pole, wala hakuwa ananicheka:

"Sasa hiyo tramu yako, itapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka tu, vile mtu hucheka akishikwa. Nilienda nyumbani hilo swali limenikaa kwa koo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu tramu kuliko vile nilisoma chochote nikiwa chuo. Sitafuta ile video. Iacheni ikae hapo. Lakini msimamo wangu sasa ni huu: tramu ni chombo kizuri, na mtu yeyote anayetuahidi tramu bila kutuambia ni leni gani atawanyang'anya wenye magari, anatuuzia picha.

Kabla hamjaanza kunirarua, ngoja niwaambie kwa nini hii kitu inaniuma.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Wengi hudhani niliacha juu ya video. Zii. Nilikuwa nakaa kwa mamangu Githurai 45, na chuo kiko upande ule mwingine wa tao. Mathree mbili kwenda, mbili kurudi. Darasa la saa mbili asubuhi lilitaka nitoke nyumbani saa kumi na moja. Siku nzuri nauli ilikuwa soo mbili na kitu kwenda na kurudi. Mvua ikinyesha, soo nne. Mamangu anauza mitumba, na siku mbaya anarudi na faida ya soo tano. Hesabu hiyo fanya mwenyewe. Kuna CAT nilikosa nikiwa nimekaa palepale Pangani, naangalia saa kwa simu, najua kabisa vile inaenda kuisha. Nilishuka nikakimbia kwa miguu na bado nikapata mlango umefungwa. Mhadhiri hakutaka kusikia neno jam, na simlaumu. Darasa lote lilikuwa na jam yake.

Karo ndiyo ilinimaliza mwishowe, sitawadanganya. Lakini kabla karo inimalize, barabara ilikuwa inaninyonya masaa manne kila siku, miezi kumi na nane. Kwa hivyo nikiongea juu ya usafiri siongei kama mtu anayependa picha za miji mizuri. Naongea kama mtu aliyelipa.

Sasa tramu ni nini hasa? Ni treni ndogo ya umeme inayotembea kwa reli zilizolazwa ndani ya barabara. Sio kama treni ya SGR yenye njia yake porini. Inapita mtaani, inasimama karibu na maduka, unapanda kutoka kwenye lami au kituo kifupi bila ngazi. Na ina faida za kweli. Dereva mmoja anabeba watu ambao wangejaza mathree kumi na zaidi. Haitoi moshi. Inadumu miaka thelathini hivi, wakati basi la kawaida likipita miaka kumi na tano ni bahati. Mama mwenye mtoto kwenye kigari au mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa kama gunia. Haya yote ni kweli, na ndiyo yalinifanya niweke video.

Hata sisi tumewahi kuwa na kitu kama hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kisiwa cha Mombasa kilikuwa na reli nyembamba barabarani, na juu yake vitoroli vyenye kiti na kipaa cha kukinga jua. Injini yake? Watu. Wanaume Waafrika walikuwa wanasukuma wakikimbia, na wazungu wa serikali na matajiri wameketi juu. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa sababu kila mradi wa usafiri una hilo swali ndani yake: nani anaketi, na nani anasukuma?

Haya. Twende Marekani, kwa sababu huko ndiko hii ndoto ya tramu za kisasa imejaribiwa ikashindwa mbele ya macho ya watu.

Mwaka wa 2001 mji wa Portland ulifungua laini ya tramu ya kisasa katikati ya mji. Mtaa uliokuwa na maghala na yadi za reli ukajaa majumba ya ghorofa na mikahawa. Miji mingine ikatamani. Wakasema, leteni tramu, wawekezaji watakuja. Angalia hiyo hoja vizuri. Hawakusema leteni tramu watu wafike kazini mapema. Walisema leteni tramu, bei ya ploti ipande. Ukikaa Githurai kama mpangaji, hiyo sentensi inafaa ikuogopeshe. Bei ya ploti ikipanda, unajua nani anaongezewa kodi.

Atlanta wakafungua yao mwisho wa 2014. Washington wakafungua yao Februari 2016. Detroit wakafungua yao 2017, matajiri na makampuni yakichanga sehemu kubwa ya pesa. Zote ni nzuri ukiziangalia. Zote ni fupi: ile ya Washington ilikuwa kama kilomita tatu na nusu, ya Detroit ni kilomita tano na kidogo. Na zote zina ugonjwa mmoja. Sehemu kubwa ya njia yao, zinashiriki leni na magari ya kawaida.

Unaelewa hiyo inamaanisha nini? Mathree ikikuta mtu ameegesha vibaya, dere anakata kona, anapanda ukingo, anapita. Tutamtukana lakini tutafika. Tramu haiwezi. Iko kwa reli. Mtu mmoja akiacha gari lake limetokeza kidogo tu juu ya reli akimbie dukani kununua kahawa, tramu yenye watu mia moja inasimama nyuma yake kama ng'ombe kwenye lango. Washington na Detroit hii ilikuwa story ya kila mara, wanaita gari la kuvuta, watu wanashuka wanatembea. Tramu ya Washington haikuwahi hata kulipisha nauli, ilikuwa bure tangu siku ya kwanza, na bado mwaka wa 2025 meya Muriel Bowser alitangaza mpango wa kuifunga. Mradi wa takriban dola milioni 200.

Detroit inaniumiza zaidi. Huo mji ulikuwa na mtandao mkubwa wa tramu za zamani mpaka 1956, wakaziondoa, nyingi zikauzwa Mexico City. Miaka sitini baadaye wakarudi kununua kipande cha kilomita tano cha kitu walichokuwa nacho mji mzima, na hata hicho wakakiweka kwenye jam.

Kwa hivyo ukinionyesha picha ya tramu ikipita Tom Mboya Street, nitakuuliza lile swali la konda. Itapita kati ya mkokoteni na boda? Itangoja Probox ishushe kabeji? Jam yenye reli bado ni jam, na tofauti ni kwamba ni ya bei ghali.

Sasa msinielewe vibaya, kuna waliofanya vizuri, na hawako Ulaya. Wako Afrika hii yetu.

Casablanca, Moroko. Desemba 2012 walifungua laini ya kwanza, kilomita 31. Ilianzia Sidi Moumen, mtaa wa watu maskini ambao umejulikana kwa vibanda, ikapita katikati ya mji, ikaenda upande wa pwani, na tawi lake lingine liliishia kwenye kituo kinachoitwa Facultés. Yaani chuoni. Nilipoona hiyo ramani nilinyamaza kidogo. Mtoto wa mtaani kwao anapanda mlangoni, anashukia darasani, mbele ya safari yake hakuna Pangani.

Na walifanyaje? Waliinyang'anya gari nafasi. Tramu ina njia yake, imetengwa, magari hayaingii. Boulevard Mohammed V, barabara ya sifa katikati ya mji, sehemu yake waliifunga kwa magari ikabaki ya tramu na watu wa miguu. Tramu zenyewe zinaunganishwa mbili mbili, urefu wa mita 65, zinabeba mamia ya watu kwa safari moja. Rabat walikuwa wamefanya vivyo hivyo mwaka mmoja kabla yao, 2011. Casablanca wameongeza laini mpaka zimefika nne, na mwaka huohuo wa 2024 walipofungua mbili za mwisho, walifungua pia laini mbili za mabasi yenye leni zao wenyewe. Mji wenye tramu nzuri ulichagua mabasi kwa njia zingine na haukuona aibu. Kwa sababu walijua kitu kinachofanya kazi ni nini. Ni ile leni.

Hii si maoni yangu tu. Kuna chama cha maafisa wa usafiri wa miji ya Marekani kinaitwa NACTO, na makadirio yake hutumiwa sana na wapangaji wa miji. Leni moja ya magari ya watu binafsi hupitisha kati ya watu 600 na 1,600 kwa saa. Leni hiyohiyo ukiipatia mabasi peke yake, inapitisha kati ya 4,000 na 8,000. Ukiijenga sawasawa na vituo vyake, iwe ya mabasi au ya reli, kati ya 10,000 na 25,000. Soma hapo tena: iwe ya mabasi au ya reli. Wamewekwa mstari mmoja. Lami ni ileile, upana ni uleule, kilichobadilika ni nani ameruhusiwa kuingia.

Mtu ataniambia, sasa kama leni ndiyo dawa, tramu ya nini kabisa? Swali zuri, na kuna jibu moja ambalo linanifanya nisiitupe tramu kabisa. Rangi inafutika na reli haifutiki. Mnakumbuka Thika Road mwaka wa 2019, walipochora ule mstari mwekundu wa BRT? Tukapiga picha, tukaandika meme. Leo ni nani anauheshimu? Ukiweka reli na kuiinua kidogo juu ya lami, hakuna mheshimiwa atakayeamka siku moja aseme ving'ora vyake vipite hapo. Reli inailinda leni. Hiyo faida naikubali kwa moyo wote.

Lakini basi lazima tupite Addis Ababa, majirani wetu, kwa sababu wao walipata reli na leni na bado wakaumia.

Septemba 2015 Addis ilifungua reli nyepesi, ndugu ya tramu, kubwa kidogo. Laini mbili, karibu kilomita 34, njia yake imetengwa, sehemu zingine inapita juu. Iligharimu kama dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo kutoka China. Nauli ilikuwa birr 2 hadi 6, bei ya mwananchi kabisa. Walinunua treni 41. Watu walijaa. Nilipokuwa mdogo nakumbuka sisi Wakenya tulivyoona wivu: Waethiopia wametupita!

Miaka haikuwa mingi, treni nyingi kati ya zile 41 zikaanza kulala yadi. Vipuri vinatoka nje, vinahitaji dola, na dola hakuna. Nauli ya birr 2 haiwezi kununua gurudumu la China. Basi zinazobaki zinajaa kupita kiasi, foleni inarefuka, na chini yake uzio wa reli umekata barabara, mtu wa miguu anazunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Siwacheki. Walijaribu kitu ambacho sisi tumekiongelea tu. Lakini somo liko wazi: mtu akituahidi tramu, swali la pili baada ya "itapita wapi" ni "mwaka wa saba nani atanunua kipuri, na kwa pesa gani?"

Na kwa upande wa mabasi, Dar es Salaam wanatufundisha kitu hichohicho. Mwendokasi ilianza Mei 2016, leni zake zipo, zimejengwa, zinaonekana. Kilio cha watu wa Dar ni mabasi machache, wanasukumana vituoni wakati leni iko tupu. Kumbe leni bila magari ya kutosha nayo ni mateso. Lakini angalia tofauti: shida ya Dar unaitatua kwa kuongeza mabasi. Shida yetu huwezi kuitatua hata ukiletewa mabasi elfu moja kesho, kwa sababu yatakuja kusimama nyuma yangu Pangani.

Haya, turudi nyumbani.

Nairobi hatujakosa mipango. Tuna mpaka majina. Laini za BRT tulizibatiza wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Mamlaka ya kusimamia usafiri wa Nairobi na majirani zake, NaMATA, iliundwa 2017. Vyuma vya vituo vimesimama Thika Road, tunavipita kila asubuhi, vinapata kutu tukivitazama. Mbuga nzima ya wanyama na hakuna hata mmoja anatembea.

Lakini kuna kitu kimoja kilitembea haraka sana. Expressway. Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, magari yakaanza kupita 2022. Kando ya njia ileile ambayo Ndovu alipangiwa. Pesa ilipatikana, nguzo zikasimama, miti ikakatwa, kila kitu kikawezekana, kwa sababu aliyehitaji kufika haraka alikuwa na gari na alikuwa tayari kulipia barabara. Kwa hivyo mtu asiniambie Nairobi haina nafasi. Nafasi ilipatikana hewani!

Na mnajua ni wangapi tunaoongelea? Utafiti wa mpango mkuu wa jiji uliofanywa na JICA ya Japani miaka ya 2010 ulikuta kama safari 4 kati ya 10 Nairobi ni za miguu, zingine kama 4 ni za mathree, na za gari la mtu binafsi hazifiki hata 2. Sisi wa miguu na mathree ndio mji. Wale wengine ni wachache wamekaa kwa nafasi kubwa.

Nikisema hivyo kuna mtu ataniambia shida ni mathree zenyewe, ziondolewe. Hiyo nayo tulishajaribu. Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018, gavana akiwa Mike Sonko, mathree zilifungiwa nje ya katikati ya tao. Magari ya watu binafsi yakaendelea kuingia kama kawaida. Nilikuwa likizo, bado mtoto wa shule. Mamangu alitembea kutoka Ngara hadi Gikomba na furushi mgongoni, jioni akatembea tena kurudi. Alifika nyumbani miguu imefura, akaiweka kwa beseni la maji ya chumvi, hakusema chochote. Amri ilisimamishwa siku hiyohiyo. Ile beseni mimi bado naiona. Kila mara mji huu ukitaka kupunguza jam, wanaoambiwa wasonge ni wale wale.

Sitawatetea mathree kwa kila kitu. Nauli kupanda kwa mawingu ni wizi. Kuning'inia mlangoni, kupita upande usiofaa, kushusha watu mahali si steji, matusi kwa wasichana, hayo yote nimeyaona na nimeyapitia. Lakini fikirieni hesabu ya konda. Mwenye gari anataka pesa yake jioni, iwe jam au hakuna. Gari likipiga safari tatu badala ya sita, ile pesa itatoka wapi? Itatoka kwako, mvua ikinyesha. Mpatie leni wazi apige safari sita, halafu mwambie: leni hii ni yako, lakini nauli imeandikwa mlangoni, unasimama kwa steji peke yake, na ukivunja hiyo unatolewa. Hapo una kitu cha kumnyang'anya. Leo unamtishia na nini?

Na wewe mwenye gari unayesoma hii ukikasirika, najua wako hapa, wengine ni marafiki zangu waliomoka. Sisemi uuze gari. Nasema leni moja. Thika Road ina leni nane mahali pengi, kwenda na kurudi. Tunaomba moja kila upande, ile ya ndani, saa za asubuhi na jioni. Usiweke simiti bado. Weka vizuizi, weka kamera, weka faini inayouma, na ing'ang'anie mwaka mmoja. Na usiishie Muthaiga mahali ambapo barabara bado inapumua. Ifikishe Pangani, Ngara, mpaka ndani ya tao kabisa, kwa sababu hapo ndipo tunapokufa. Leni inayoisha kabla ya jam ni mapambo.

Kisha jaza hiyo leni. Mabasi makubwa yaingie, yakija kila dakika tatu mtu asiwe na haja ya kukimbia. Ikijaa kabisa, watu wanabaki steji kwa sababu kila basi limeshiba, hapo ndipo mtu aje na hesabu ya tramu. Aje na njia yake, aje na yadi ya kuitengeneza na mafundi wetu waliosomea humu, aje na jibu la mwaka wa saba. Siku hiyo nitarudisha ile video yangu juu na nitaimba. Kwa mpangilio huo tramu itakuwa imekuja kufanya kazi.

Sasa hivi tunaletewa kwa mpangilio wa kinyume. Picha kwanza, halafu safari ya viongozi kwenda kuiona huko nje, halafu upembuzi yakinifu, halafu uchaguzi, halafu kimya. Na sisi vijana ndio tunasambaza hizo picha bure. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilipata watazamaji wengi kwa kuwauzia watu wa Pangani ndoto ambayo haina pa kupita, na hilo ndilo linanipa aibu zaidi, kwa sababu nilikuwa najua vile Pangani inahisi.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja. Mwakani watu wataanza kampeni, au hata kabla. Utaona bango lenye tramu linang'aa, miti mizuri, anga ya buluu, watu warembo. Usitukane, usicheke. Andika tu chini yake maneno matatu: itapita wapi hasa? Akijibu "tutafanya utafiti," uliza tena. Akijibu jina la barabara, uliza ni leni gani, na ni nani atahamishwa. Mgombea ambaye ataweza kusema mbele ya wenye magari kwamba leni ile ya ndani si yao tena, huyo hata akinipa basi la zamani lenye viti vilivyochanika, kura yangu ni yake.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umekwama mahali saa hii, niandikie. Unapanda wapi, unashuka wapi, unalipa ngapi jua likiwaka na ngapi mvua ikinyesha, na ni sehemu gani hasa mnasimama. Taja mahali penyewe. Nataka kuchora ramani ya hii mji vile sisi tunaijua, kila Pangani iliyo ndani yake, halafu tuone nani atatuambia nafasi haipo.